Kisirani Chenye Tarehe

Kwa miaka mingi watu wa nyumbani waliniita mtu wa kisirani, na mimi mwenyewe nililikubali jina hilo kama mtu anavyoukubali urefu wake. Kulikuwa na siku ambazo mlango uliofungwa kwa kishindo ulitosha kunitoa machozi, siku ambazo niliona wazi kwamba mume wangu amenichoka, kwamba kazini wananivumilia tu, na kwamba watoto wangu wangelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine yeyote. Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta yote yale yameondoka bila kuaga, nikabaki kuomba radhi kwa maneno niliyoyasema juzi yake na kujiuliza ni nani hasa aliyeyasema. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza: “Hebu niambie, hizo siku zako mbaya huanza tarehe ngapi?”

Sikuwa na jibu, na kwa mhasibu hiyo ni aibu. Kazi yangu ni kuweka kila kitu kwenye tarehe yake, lakini hali ya moyo wangu mwenyewe sikuwahi kuiandika popote. Nilinunua daftari la kawaida nikalipiga mistari ya safu tano: tarehe, siku ya mzunguko wa hedhi, usingizi, huzuni na hasira. Kila usiku kabla ya kulala niliandika namba kati ya 1 na 6, bila maelezo, kwa sababu nilijua nikianza kueleza nitajitetea. Baada ya miezi mitatu nililifungua daftari lile na sikuhitaji utaalamu wowote kulisoma. Namba zilianza kupanda siku ya 17 au ya 18 ya mzunguko, zikafika kileleni siku mbili tatu kabla ya damu, na zikaanguka ghafla siku ya kwanza au ya pili ya hedhi. Kati ya siku ya 5 na ya 15 nilikuwa sina neno na mtu. Kisirani changu kilikuwa na tarehe.

Nilikuwa na miaka 38 wakati huo. Sasa nina 50, na nikitazama nyuma naona kwamba tatizo lile lilikuwa limenitembelea kabla ya hapo kwa sura nyingine, nilipojifungua mtoto wangu wa pili, na kwamba lingerudi tena kwa sura ya tatu nilipokaribia kukoma hedhi. Kuna jambo moja ambalo lingeniokolea miaka mingi kama ningelisikia mapema: matatizo haya kwa kawaida hayatokani na kuwa na homoni nyingi mno au chache mno. Yanatokana na namna ubongo wa mwanamke fulani unavyoyapokea mabadiliko ya homoni, mabadiliko yale yale ambayo wenzake wanayapitia kila mwezi bila hata kuyatambua.

Nilipimwa damu mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa kwamba homoni ziko sawa na kwa hiyo sina tatizo. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ilikuwa kweli. Ile “kwa hiyo” ndiyo iliyonipotezea miaka. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa namna lilivyo safi, kama hesabu iliyofungwa bila senti kupotea. Waliwapa wanawake wenye mateso makali ya kabla ya hedhi dawa inayozisimamisha ovari kwa muda, na zaidi ya nusu yao wakapata nafuu. Kisha, bila wanawake hao kujua ni lini, waliwarudishia estrojeni au projesteroni, homoni mbili zinazotoka kwenye ovari hizo, na mateso yakarudi. Walipowafanyia hivyo hivyo wanawake ambao hawakuwahi kuwa na tatizo hilo, hakuna kilichobadilika. Homoni zilikuwa zile zile na kiwango kilikuwa kile kile, ila ubongo uliozipokea ulikuwa mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walikwenda mbali zaidi wakaonyesha kwamba hata seli zilizokuzwa maabara kutokana na chembe nyeupe za damu za wanawake hao zina kundi la jeni linalofanya kazi kwa namna tofauti na la wanawake wengine, na kwamba huziitikia homoni hizo kwa namna tofauti. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda, kwa kuwa nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu nikidhani kwamba ni tabia mbaya.

Kinachotokea kwenye ubongo kinaweza kuelezwa bila kuwachosha wasomaji. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko estrojeni hupanda. Yai likishatoka, projesteroni nayo hupanda kwa muda wa wiki moja hivi, kisha, mimba isipotunga, zote mbili hushuka na damu ikatoka. Estrojeni huusaidia ubongo kutengeneza na kutumia serotonini, kemikali inayohusika na utulivu wa moyo, usingizi na hamu ya kula. Projesteroni kwa upande wake huvunjwavunjwa mwilini ikatoa kitu kinachoitwa alopregnanoloni, ambacho hujishikiza kwenye vipokezi vya GABA, yaani breki za ubongo, vile vile ambavyo pombe na dawa kama diazepamu huvifanyia kazi. Kwa wanawake wengi breki hizo zikikanyagwa mtu hutulia. Kwa baadhi yetu kupanda na kushuka kwa kitu hicho huleta kinyume chake, yaani hasira, wasiwasi na huzuni isiyo na sababu, kama vile kuna watu ambao pombe kidogo huwasinzisha na wengine ambao huwatia ugomvi.

Lugha yetu husema mwanamke “ameingia mwezini”, na kwa muda mrefu nilidhani huo ni msemo wa staha tu, wa kuepuka kutaja damu mbele za watu. Siku hizi naona una usahihi wa kitabibu, kwa maana jambo hili ni la kalenda kabla ya kuwa la damu.

Kalenda ndiyo kipimo chenyewe. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha maradhi makali ya hisia ya kabla ya hedhi. Yaliingizwa rasmi mwaka 2013 katika toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, na yamo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ili daktari ayathibitishe inatakiwa mwanamke awe ameandika dalili zake kila siku kwa angalau mizunguko miwili, si kukumbuka mwisho wa mwezi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye huzuni huipaka kila siku rangi ya huzuni. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba yanawapata kati ya asilimia 3 na 8 ya wanawake walio katika umri wa kupata hedhi, ilhali wale wanaosikia uchovu, uvimbe wa matiti au kukereka kidogo kabla ya siku zao ni wengi mno na hawahitaji jina la ugonjwa. Daftari hutenganisha pia jambo lingine ambalo hata wataalamu hulichanganya. Mtu mwenye sonona ya kawaida anaweza kuzidiwa katika wiki ya mwisho ya mzunguko, lakini namba zake haziwi nzuri hata katika wiki ya pili. Huyo anahitaji sonona yake itibiwe vizuri mwezi mzima, na kumwambia kwamba ni “mambo ya hedhi tu” ni kumnyima tiba.

Historia ya jambo hili inafurahisha na kuudhi kwa pamoja. Daktari Robert Frank wa New York aliandika mwaka 1931 kuhusu wagonjwa wake waliokuwa na msukosuko mkubwa kabla ya hedhi, naye akadhani ni homoni ya kike iliyozidi. Mwaka 1953, nchini Uingereza, Katharina Dalton na Raymond Greene waliupa mkusanyiko wa dalili hizo jina ambalo limebaki hadi leo, na Dalton akaendelea kwa miongo kadhaa kuwatibu wanawake kwa projesteroni, akiamini kwamba ni homoni hiyo iliyopungua. Frank alisema homoni imezidi, Dalton akasema imepungua, na majaribio ya baadaye yaliyolinganisha projesteroni na dawa bandia hayakuonyesha nafuu ya maana. Hata hivyo siwezi kumbeza Dalton. Aliwasikiliza wanawake wakati ambapo wengi waliwaambia waende nyumbani wakapumzike.

Tiba iliyonifaa mimi nilikuwa nimeikataa mara ya kwanza nilipotajiwa. Daktari mpya, ambaye nilimwekea daftari langu mezani kabla hata sijaketi vizuri, alilipitia kwa dakika kama tano, akapendekeza dawa ya sonona ya kundi lile linaloizuia serotonini isifyonzwe upesi, kundi la fluoksetini na setralini. Nilimwambia kwamba mimi si mgonjwa wa akili. Hakubishana nami. Alinieleza kwamba dawa hizi, ambazo kwa sonona ya kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa tatizo langu huweza kufanya kazi ndani ya siku chache, na kwamba kwa sababu hiyo baadhi ya wanawake huzinywa tu tangu yai linapotoka hadi hedhi inapoanza, yaani takriban siku 14 kwa mwezi, kisha wakaacha hadi mzunguko unaofuata. Kasi hiyo inaonyesha kwamba hapa dawa hupita njia nyingine ya ubongo, pengine kwa kuigusa alopregnanoloni yenyewe. Kwangu mimi kichefuchefu kilinisumbua mizunguko miwili ya kwanza, na hamu ya tendo la ndoa ilipungua katika siku za dawa, jambo ambalo nililisema waziwazi nikapunguziwa kiwango. Mzunguko wa tatu niliandika namba 2 katika siku ya 25, nikaifuta nikidhani nimekosea, kisha nikaiandika tena.

Wapo ambao dawa hizi haziwafai au hawazitaki. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye drospirenoni, vinavyonywewa siku 24 na kusimamishwa siku 4 tu badala ya wiki nzima, viliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya tatizo hili hili, kwa wanawake ambao pia wanahitaji kuzuia mimba. Lakini vidonge si salama kwa hisia za kila mwanamke. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia zaidi ya wanawake milioni moja, ulikuta kwamba waliotumia njia za homoni za kuzuia mimba walianza kutumia dawa za sonona kwa kiwango cha juu kuliko wasiotumia, hasa wasichana wa umri wa kubalehe. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichosababisha, na wengi hukitumia kwa amani kabisa, ila mwanamke anayesema “tangu nianze vidonge hivi si mimi tena” anastahili kubadilishiwa njia na kusikilizwa. Tiba ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yake na kuyapima kabla ya kuyaamini, husaidia pia, na mimi naiona kama mshipi wa usalama, kwani haiondoi siku ya 25 ila inakuzuia usiandike barua ya kuacha kazi siku hiyo. Kwa walioshindwa na yote hayo kuna sindano za kuzisimamisha ovari, ambazo hutolewa pamoja na kiwango kidogo cha homoni cha kulinda mifupa, na mwisho kabisa kuna upasuaji, ambao hakuna daktari makini atakayeukimbilia.

Nirudi nyuma kidogo kwenye uzazi. Mtoto wangu wa pili alipozaliwa nilikuwa na miaka 31, na hakuna aliyenieleza kwamba kujifungua ni anguko kubwa la homoni kuliko lolote katika maisha ya mwanamke. Katika ujauzito estrojeni na projesteroni hupanda mara nyingi kupita kiwango cha kawaida, kisha kondo la nyuma likitoka hushuka ndani ya siku chache tu. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua huwapata zaidi ya nusu ya wanawake, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yangu hayakuisha. Sikuwa nikilia tena kufikia mwezi wa pili, nilikuwa nimekauka. Nilimnyonyesha mtoto kwa ratiba, nikimtazama kama mtu anayetunza mali ya mwingine, na usiku alipolala mimi nilikesha nikisikiliza kama anapumua. Niliogopa kusema kwa sababu nilidhani mama anayesema maneno hayo hunyang'anywa mtoto.

Mwaka 2000 kikundi cha watafiti kilicho karibu na kile cha Schmidt kilifanya jaribio dogo ambalo lilinigusa kuliko lile la kwanza. Waliwapa wanawake 16 ambao hawakuwa wajawazito homoni nyingi zinazofanana na za ujauzito, kisha wakaziondoa ghafla. Wanane kati yao walikuwa na historia ya sonona ya baada ya kujifungua, wanane hawakuwa nayo. Katika kundi la kwanza watano walipatwa na dalili, katika la pili hakuna hata mmoja. Hakukuwa na mtoto anayelia usiku, hakukuwa na uchovu wa kunyonyesha, wala ugomvi na mama mkwe. Kulikuwa na anguko la homoni tu, na ubongo unaolihisi.

Hata hivyo ningependa nisieleweke vibaya. Sonona ya uzazi hulishwa pia na mambo ambayo hayamo katika damu: kukosa msaada, umaskini, kupigwa au kutukanwa nyumbani, mimba isiyotakiwa, msiba. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea hukaribia asilimia 20. Tofauti hiyo haitokani na homoni, kwa kuwa homoni hazijui mipaka ya nchi. Huwa nakereka sana ninaposikia “ni homoni tu” kutoka kwa mume ambaye hajawahi kumbeba mtoto usiku.

Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ambalo mama hulijaza mwenyewe kwa dakika chache kuhusu siku saba zilizopita, na ambalo limetafsiriwa katika lugha nyingi. Swali la kumi huuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Ningepewa karatasi ile katika kliniki ya mtoto, ningeijaza kwa ukweli, kwa sababu karatasi haikutazami usoni. Mimi niliulizwa uzito wa mtoto tu. Sonona hiyo hutibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na setralini ni miongoni mwa zile ambazo huingia katika maziwa ya mama kwa kiasi kidogo sana, hivyo si lazima mama achague kati ya dawa na kunyonyesha. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni, ambayo kimsingi ni alopregnanoloni yenyewe, iliyotolewa kwa dripu ya saa 60 hospitalini, na mwaka 2023 ikaidhinisha zuranoloni, kidonge cha jamii hiyo hiyo kinachonywewa jioni kwa siku 14, huku mtumiaji akikatazwa kuendesha gari kwa saa 12 baada ya kila dozi. Ile ya dripu iliacha kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2024, na si kila nchi inacho kidonge hicho, ambacho bei yake ni kubwa, lakini dawa hizo zimethibitisha kwamba mtu anaweza kutibu anguko lenyewe badala ya kusubiri moyo uzoee. Daktari makini hupima pia tezi ya thairoidi na wingi wa damu, maana thairoidi iliyovurugika baada ya uzazi huiga sonona kwa ustadi mkubwa, na hapo kipimo cha damu kina maana kweli.

Kuna hali moja ambayo haisubiri daftari wala miadi. Katika wanawake 1 au 2 kwa kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, mama huacha kulala bila kuhisi uchovu, huongea kwa kasi au bila mpangilio, husikia sauti, huamini mambo ya ajabu kumhusu mtoto. Hiyo ni saikosisi ya uzazi, na mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama saa moja baadaye anaonekana ametulia. Walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa hisia mseto, yaani bipola, au waliowahi kuipata katika uzazi uliopita, na kwa hao mpango hupangwa kabla ya mimba kufika mwisho. Haraka hiyo hiyo inamhusu mwanamke yeyote anayefikiria kujiua, iwe ni siku ya 26 ya mzunguko au siku ya 40 baada ya uzazi. Kujua kwamba wazo hilo litaondoka hedhi ikianza hakulifanyi liwe dogo katika siku lililopo. Amwambie mtu, asibaki peke yake, apelekwe kwenye huduma ya dharura.

Upande mwingine wa jambo hili hutajwa mara chache, nao ni kwamba homoni huzibadilisha dawa, na dawa hubadilisha mipango ya uzazi. Vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni vinaweza kupunguza lamotrijini, dawa ya kifafa na ya bipola, katika damu hadi karibu nusu, na ujauzito hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mwanamke aliyetulia kwa dawa hiyo kwa miaka anaweza kuanguka bila kujua kwamba dozi yake imepungua bila yeye kuacha hata kidonge kimoja. Kabamazepini, dawa nyingine ya maradhi hayo, nayo hudhoofisha vidonge vya kuzuia mimba. Ya tatu, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni kiasi kwamba mwanamke anayeweza kupata mimba hapaswi kuanzishiwa dawa hiyo ikiwa kuna njia nyingine. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kwa nusu dozi ya kawaida ya zolpidemu, dawa ya usingizi, kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi ilikuwa bado imo mwilini mwao wakiwa njiani kazini. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa kwa miaka 20. Mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imeelekeza mwaka 1977 kwamba wanawake wanaoweza kupata mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, ikaja kuugeuza mwongozo huo mwaka 1993. Mhasibu akikuta nusu ya wateja hawamo kwenye vitabu, haiti hilo uangalifu.

Nilipofika miaka 46 daftari langu lilinisaliti. Namba mbaya zilianza kutokea siku ya 9, siku ya 14, siku yoyote. Mzunguko mmoja ulikuwa wa siku 23, uliofuata wa siku 51. Niliamka saa nane usiku nimelowa jasho, moyo ukinienda mbio kama niliyeitwa kutoa maelezo ya fedha zilizopotea. Nilidhani dawa imeacha kufanya kazi. Kumbe nilikuwa nimeingia katika miaka ya kukaribia kukoma hedhi, ambayo kwa wengi huchukua miaka minne au zaidi kabla ya hedhi ya mwisho, inayokuja kwa wastani karibu na umri wa miaka 51. Katika kipindi hicho estrojeni haishuki kwa ngazi kama watu wanavyodhani. Hupanda na kuporomoka bila utaratibu, na hatari ya sonona huongezeka, hasa kwa sisi ambao tuliwahi kuumia kabla ya hedhi au baada ya uzazi. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 kipimo cha damu, kwa mara nyingine, hakisaidii sana, kwa sababu namba ya Jumatatu si namba ya Ijumaa.

Hapa tiba ya estrojeni ina nafasi yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake wa umri huo ambao hawakuwa na sonona walipewa kiraka cha estrojeni cha kubandika kwenye ngozi au kiraka kitupu kwa mwaka mmoja. Asilimia 32 ya waliopewa kiraka kitupu walipata dalili za sonona, dhidi ya asilimia 17 ya waliopewa estrojeni. Wengi bado wanaiogopa tiba hii kwa sababu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti na maradhi ya moyo, ingawa wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63 na walitumia vidonge vya aina tofauti na viraka vya sasa. Kuogopa bila kuuliza si busara, na kujibandikia bila daktari ni hatari zaidi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye historia ya damu kuganda mishipani, au anayetokwa na damu isiyoelezeka, huyo njia yake ni nyingine, na dawa za sonona pamoja na tiba ya mazungumzo zipo kwa ajili yake pia.

Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Ni lazima iambatane na homoni ya jamii ya projesteroni ili ukuta wa mfuko usinenepe hadi kuleta saratani, na hapo ndipo ubongo wangu ulipokumbuka ya zamani. Wiki ya pili ya vidonge vya homoni hiyo mume wangu alinitazama akasema, kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga vioo, “Mama watoto, umerudi siku ya 25.” Alikuwa sahihi. Daktari alinibadilishia kitanzi chenye homoni, ambacho hufanya kazi zaidi ndani ya mfuko wa uzazi na kuingia kidogo tu katika damu, kiraka kikabaki pale pale kwenye nyonga, na setralini ikawa ya kila siku badala ya nusu ya mwezi. Namba zimeshuka. Usingizi umerudi kwa sehemu kubwa.

Kitanzi hicho kimesimamisha damu kabisa, kwa hiyo safu ya pili ya daftari haina kitu tangu mwaka jana. Nilimuuliza daktari tutajuaje kwamba hedhi imekoma kweli, ikiwa hesabu ya kitabibu ni miezi 12 mfululizo bila damu na mimi siioni damu kwa sababu nyingine. Akacheka, akasema hatutajua, na kwamba kwa matibabu yangu haina tofauti. Nimeandika kila siku kwa miaka 12, na tarehe pekee ambayo sitaipata ni ile ya mwisho.